Karatasi ya Picha Itakayodumu: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipia Picha Nyeusi na Nyeupe

Maandishi ya mazungumzo kwa walaji wanaoagiza picha za kumbukumbu kutoka katika filamu za zamani



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya bidhaa ambayo ubaya wake hauonekani siku ya kununuliwa. Samaki aliyeoza hujulikana kwa harufu, na kitambaa hafifu huchuja rangi mara ya kwanza kinapofuliwa. Lakini picha iliyochapwa vibaya hutoka studio ikiwa safi na ya kupendeza kama iliyochapwa vizuri. Huenda ikapita miaka mitano au kumi kabla weupe wake haujageuka manjano na sura ya marehemu haijaanza kufifia. Wakati huo stakabadhi imekwisha kupotea, studio imehama mtaa, na pengine ile filamu iliyotoa picha hiyo nayo haipo tena. Kwa hiyo mlaji, kama sheria inavyomwita kila mnunuzi ingawa picha hailiwi, hana budi kuuliza kabla ya kulipa.

Tunaowakusudia leo ni wale wenye negativu za zamani, yaani ile filamu yenye sura iliyogeuzwa, nyeusi mahali pa nyeupe: za harusi ya wazazi, za ufunguzi wa shule, za mkutano wa kwanza wa chama cha ushirika, za mzee ambaye hakupigwa picha nyingine maishani mwake. Wengi mnataka kuzichapa upya kwa njia ya asili, juu ya karatasi ya fedha. Tunaposema fedha hapa tuna maana ya madini yenyewe, wala si pesa, ijapokuwa na hiyo itatajwa.

Picha ya namna hii ina tabaka chache, na ni vyema mnunuzi azifahamu. Chini kabisa ni karatasi. Juu yake, katika karatasi za kale na zile zinazofuata desturi ya kale, kuna tabaka jeupe la bariamu salfeti, madini meupe mno yasiyobadilika, ambalo mafundi huliita barita. Juu ya barita kuna jelatini, na ndani ya jelatini zimetawanywa chumvi za fedha zinazohisi mwanga. Mwanga ukipita kwenye negativu na kuziangukia, dawa ya kwanza huzigeuza zile zilizopigwa mwanga kuwa punje ndogo sana za fedha halisi. Punje hizo ndizo weusi tunaouona. Dawa ya pili, fiksa, huziyeyusha chumvi ambazo hazikupigwa mwanga ili zisije zikaiva baadaye. Kisha maji huiondoa fiksa. Kazi imekwisha, na uhai wote wa picha sasa unategemea kama punje zile za fedha zitaachwa kwa amani.

Kuna tahadhari moja ya kutangulia zote. Picha nyingi nyeusi na nyeupe zinazouzwa mijini siku hizi hazina fedha hata chembe. Mashine za maduka ya picha hutumia karatasi ya rangi. Katika karatasi hiyo fedha hufanya kazi wakati wa kuchapa tu, kisha huondolewa yote, na kinachobaki ni rangi tatu zilizochanganywa zifanane na weusi. Nyingine hutoka kwenye printa ya wino. Hatusemi kwamba picha hizo ni mbaya, maana kwa matumizi mengi zinatosha kabisa. Lakini aliyeagiza picha ya fedha na kulipia picha ya fedha, apewe picha ya fedha. Itazameni chini ya taa, kisha mlangoni penye mwanga wa jua. Ikiwa kijivu chake kinaelekea ukijani mahali pamoja na uwaridi mahali pengine, shuku kwamba mmepewa karatasi ya rangi. Na swali la kumwuliza fundi ni jepesi: "Je, picha hii mnaichapa kwenye chumba cha giza, au kwenye mashine?"

Tuje sasa kwenye uchaguzi wenyewe. Karatasi za fedha zinazopatikana ziko za aina mbili kubwa, na maboksi yake huandikwa herufi mbili mbili: FB na RC. FB ni karatasi ya nyuzi, yenye barita, kama tulivyoieleza. RC ni karatasi iliyovikwa plastiki ya polithini pande zote mbili, na katika plastiki ya upande wa picha huchanganywa unga mweupe wa titani ili ing'ae. Kuzitambua si kazi. Nyuma ya FB ni karatasi tupu, penseli huandika bila shida, na tone la maji hunywewa polepole. Nyuma ya RC ni laini kama kifuniko cha daftari, na tone la maji hukaa juu kama juu ya jani la mgomba. FB ikikauka hujikunja kidogo, na RC hulala bapa. FB nzito huwa na uzito wa gramu 250 hivi kwa mita moja ya mraba, na RC ya kawaida kama gramu 190.

Ukweli wa kwanza ni kwamba picha zote za zamani zilizohifadhika vizuri, zile ambazo mnaziona katika maboma ya wazee na kwenye kuta za studio kongwe kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilichapwa kwenye karatasi ya nyuzi, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Karatasi za plastiki ziliingia sokoni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa picha nyeusi na nyeupe zilienea katika miaka ya 1970. Zilipendwa mara moja, kwa kuwa zilioshwa na kukauka kwa dakika chache. Lakini matoleo ya kwanza yaliwaaibisha waliyoyatumia. Mwanga ulipoangukia ule unga wa titani, ulichochea kemikali zilizoshambulia plastiki na fedha; plastiki ikapasuka nyufa nyembamba, na katika picha zilizofungwa ndani ya fremu za kioo, ambamo hewa haitembei, kukatokea madoa ya rangi ya machungwa na mng'ao kama wa kioo. Watengenezaji walitia kinga ndani ya karatasi baada ya hapo, na RC ya leo si ile ya mwaka 1972. Hata hivyo, FB ina ushahidi wa zaidi ya miaka mia moja nyuma yake, na RC bora kabisa bado haijafikisha umri huo. Kwa nakala moja ambayo familia au taasisi inataka iwafikie wajukuu wa wajukuu, sisi tunashauri FB nzito. Kwa nakala za kuwagawia ndugu na za kubandika ofisini, RC inafaa, na ni ya bei nafuu.

Wengi wangependa tuishie hapo, waende dukani wakiwa wamekariri herufi mbili. Haiwezekani, kwa sababu karatasi ni nusu tu ya jambo, na pengine nusu iliyo ndogo.

Mlaji mmoja alituletea picha mbili zilizochapwa kutoka negativu moja, katika studio mbili tofauti, kwa kupishana miezi michache. Ile ya FB, ambayo aliilipia zaidi kwa kuahidiwa kwamba ni ya kudumu, ilikuwa imeshapata mawingu ya rangi ya kahawia kwenye anga na kwenye kanzu ya babu yake. Ile ya RC, aliyoichapa kwa ajili ya shangazi tu, ilikuwa safi kama siku ya kwanza. Kosa halikuwa la karatasi. Nyuzi na barita hufyonza fiksa kama sifongo, na fundi alikuwa ameziacha picha nyingi zimelaliana ndani ya beseni moja, kisha akazisuuza kwa muda ambao ungeitosha RC. Plastiki ya RC huizuia fiksa isipenye, kwa hiyo dakika 2 hadi 4 za maji yanayopita humaliza kazi. FB huhitaji saa nzima ya maji yanayobadilika, au kwa msaada wa dawa maalumu ya kusaidia kuosha, dakika 20 hivi kwa jumla: kwanza maji, kisha dawa hiyo, kisha maji tena. RC iliyooshwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko FB iliyooshwa ovyo.

Hili si jambo jipya. John Herschel aliieleza tangu mwaka 1819 kemikali inayoyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumika kukaza picha. Ndiyo mama wa fiksa tunayoitumia hadi leo. Haikupita miaka ishirini kabla picha hazijaanza kufifia mikononi mwa wenyewe, hata mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kikaunda kamati ya kuchunguza sababu. Ikaonekana kwamba mashtaka makubwa ni mawili: fiksa iliyobaki ndani ya karatasi, na salfa, iwe imetoka katika fiksa hiyo au katika hewa ya mji. Yale waliyoyaona wao ndiyo yaliyoipata kanzu ya babu wa mlaji wetu.

Lugha yetu nayo inachangia kidogo kuuficha ukweli huu. Mteja husema "nataka kusafisha picha," na neno hilo moja hubeba kila kitu kuanzia filamu hadi bahasha. Mwenye studio akijibu "tumekwisha kusafisha," hakuna anayejua kama maji yalipita dakika tano au sitini. Ulizeni kwa maneno mengine: "Baada ya fiksa, mnaiosha kwa maji kwa muda gani? Mnatumia dawa ya kusaidia kuosha? Mnazitenganisha picha ndani ya beseni?" Fundi mzuri hatachukia, na kwa kawaida atafurahi kumpata mteja anayejali. Mwulizeni pia kama anatumia mabeseni mawili ya fiksa, moja baada ya jingine. Fiksa iliyochoka huacha ndani ya karatasi misombo ya fedha ambayo maji hayawezi kuitoa hata yakipita usiku kucha, na beseni la pili lenye dawa mpya ndilo linaloimaliza.

Tunajua hali ya maji katika miji yetu. Bomba hukauka, na studio nyingi hutumia madumu. Hilo si sababu ya kuacha kuosha. Fiksa hutoka kwenye karatasi kwa kuhama taratibu kuelekea maji safi. Mabeseni kadhaa ya maji mapya, kila moja picha ikikaa humo dakika kadhaa huku ikigeuzwa, hufanya kazi vizuri na kutumia maji kidogo kuliko bomba linalomwagika bure. Maji ya pwani ni ya uvuguvugu, nayo huharakisha uoshaji, ila hulainisha jelatini, kwa hiyo picha isiburuzwe wala kurundikwa. Na wapo watakaoshangaa kusikia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia iligundulika kuwa maji ya bahari huitoa fiksa upesi kuliko maji matamu, na ugunduzi huo ndio uliozaa zile dawa za kusaidia kuosha. Lakini chumvi ikibaki ndani ya picha huleta balaa jingine; asije mtu akakimbilia ufukweni na beseni lake.

Uzuri ni kwamba si lazima kuamini maneno matupu. Lipo jaribio la senti chache: tone moja la myeyusho wa naitreti ya fedha na asidi ya asetiki, likidondoshwa kwenye ukingo mweupe wa picha na kuachwa kwa dakika mbili, hugeuka kahawia kwa kadiri ya fiksa iliyobaki. Doa lisiloonekana kabisa au la rangi ya majani ya chai iliyozimuliwa sana ni ishara njema. Doa la rangi ya kahawa ni sababu ya kuirudisha picha ndani ya maji. Shirika la Viwango la Kimataifa lina kiwango kamili juu ya kupima mabaki haya, namba 18917, lakini kwa studio ya mtaani tone hilo linatosha. Agizeni ukingo mpana ili jaribio lisiiguse picha, na mwachieni fundi ashike chupa, kwa maana dawa hiyo huacha alama nyeusi vidoleni kwa siku nyingi.

Baada ya kuosha kuna hatua ambayo studio nyingi huiruka na ambayo sisi tunaihesabu kuwa na thamani kuliko tofauti yote ya bei kati ya karatasi moja na nyingine. Fedha tupu ni kama chuma kisichopakwa rangi. Ikitiwa katika dawa ya seleniamu au ya salfaidi, punje zake hugeuka kuwa misombo ambayo hewa chafu haiiwezi kwa urahisi. Seleniamu huupa weusi kina na huenda ikauelekeza kidogo kwenye zambarau. Salfaidi huipa picha rangi ya hudhurungi, ile ambayo watu hudhani ni ya uzee, kumbe mara nyingi ni ya kinga. Dhahabu nayo hutumika, kwa wenye uwezo. Seleniamu iliyozimuliwa mno haigeuzi fedha yote, huanzia kwenye weusi na kuziacha sehemu nyepesi wazi, na nyuso za watu mara nyingi zimo katika sehemu hizo nyepesi. Kwa picha ambayo uzuri wake si muhimu kuliko uhai wake, salfaidi ndiyo yenye uhakika zaidi. Karatasi zinazoitwa za rangi ya joto, ambazo weusi wake unaelekea kahawia tangu mwanzo, zina punje ndogo zaidi na hivyo hushambuliwa upesi zaidi. Anayezichagua kwa uzuri wake asikubali zitoke bila kinga hii. Seleniamu ni sumu, na haina nafasi jikoni wala katika mtaro wa jirani.

Kuhusu majina ya karatasi hatumpigii debe mtu yeyote. Tutasema tu yale yatakayomwepusha mnunuzi na bidhaa mfu. Kodak ilitangaza mwaka 2005 kwamba inaacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo boksi lenye jina hilo linalouzwa leo kama jipya linastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Karatasi mpya za FB na za RC bado zinatengenezwa, miongoni mwa kwingine, Mobberley nchini Uingereza kwa jina la Ilford, na Hradec Králové katika Jamhuri ya Cheki kwa jina la Foma. Karatasi iliyokaa stoo miaka mingi katika joto letu hupata ukungu: weupe wake huwa kijivu hata kabla ya kupigwa mwanga. Mtakaye uhakika amwombe fundi apitishe kipande kimoja kisichopigwa mwanga katika dawa zote. Kikitoka cheupe, karatasi ni hai. Kung'aa au kutong'aa kwa uso ni suala la jicho la mnunuzi, nasi hatuna la kuongeza.

Picha ikishafika nyumbani, Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, adui mkubwa ni unyevu. Inapendekezwa unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 30 na 50. Pwani kiasi hicho ni ndoto kwa miezi mingi, basi lengo liwe kukwepa mahali pabaya zaidi: ukuta wa nje unaolowa mvua, sanduku lililo sakafuni, kabati lililo jirani na jiko la mkaa au la mafuta ya taa. Rangi ya mafuta iliyopakwa karibuni hutoa mvuke unaoiunguza fedha. Chumba kilichopakwa kisirudishiwe picha kwa wiki kadhaa. Mipira ya kufungia, gundi, albamu zenye kurasa za kunata na mifuko ya plastiki inayonuka kama viatu vipya, vyote viepukwe. Bahasha ya karatasi nzuri isiyo na asidi inatosha, na mwenye kununua kwa wingi anaweza kuuliza kama bahasha hizo zimefaulu kipimo cha ISO 18916, ambacho hupima iwapo kifungashio kitaidhuru picha.

Limebaki suala la stakabadhi. "Ya kudumu," "ya makumbusho," "ya miaka mia" ni maneno yasiyo na kipimo mpaka yafafanuliwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayoiuza, lakini ili malalamiko yasimame lazima pawepo kitu kilichoandikwa. Ombeni stakabadhi iseme: karatasi ya fedha, FB au RC, jina la mtengenezaji, imeoshwa kwa muda gani na kwa dawa gani ya kusaidia, imekingwa kwa seleniamu au salfaidi au haikukingwa. Mistari minne tu. Nyuma ya picha ya FB, ukingoni, andikeni kwa penseli laini majina na mwaka. Kalamu ya wino iacheni kwa ajili ya stakabadhi. Na negativu irudi mikononi mwenu siku ileile, ndani ya bahasha yake, hata kama studio inajitolea kuitunza bure.

Mezani tumeweka vipande vitatu: FB, RC, na karatasi ya rangi iliyochapwa nyeusi na nyeupe. Vishikeni, vikunjeni, tieni tone la maji nyuma yake. Vimeletwa ili viharibiwe. Picha ya nne, iliyo ndani ya bahasha, ni mali ya mlaji aliyetuazima kwa siku ya leo tu, na hiyo tunaomba itazamwe bila kuguswa.